Likasi hatushindi zabuni, tunapewa

Manunuzi ya ofisi yakinuka, dawa inayotajwa ni ile ile: sheria kali zaidi, kamati nyingine, sahihi moja zaidi chini ya karatasi. Siiamini. Sidhani hata wanaoiandika wanaiamini.

Sheria tunazo hapa Kongo. Ile ya 27 Aprili 2010 kuhusu manunuzi ya umma inataka ushindani wa wazi uwe kawaida, na kukubaliana na muuzaji mmoja pembeni kuwe jambo la nadra. Mwaka 2017 ikaja ya sous-traitance, yaani kazi ndogo ambazo kampuni kubwa huwapa wengine, inayotengea kazi hizo kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wao ni ya Wakongomani. Zimeandikwa vizuri. Sasa msikilize mtu wa mji wetu wa Likasi aliyepata kuiuzia kampuni ya madini sabuni au glavu. Hasemi ameshinda. Anasema, “Walinipa marché,” yaani zabuni. Aliyepewa ana deni la shukrani, na shukrani hiyo ina jina lake mjini: opération retour, yaani fungu la pesa linalorudishwa kwa aliyekupa.

Tabia hii haikuanza na wezi wa leo. Katika mji huu ulioitwa Jadotville, kampuni za madini Union Minière na baadaye Gécamines ndizo zilizotoa nyumba, shule, hospitali na unga wa mposho. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikiita kitabu chake Bana Shaba abandonnés par leur père, yaani watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Na baba akinunua, nani atamuuliza bei? Baba huyo, yaani kampuni, alianguka: ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986, na kufikia 1994 haikubaki hata sehemu ya kumi. Heshima ya kuomba na kushukuru haikuanguka naye. Ilihamia kwa mabosi wapya.

Niliwahi kuwekewa mezani, katika ofisi nisiyoitaja, proforma tatu, yaani karatasi za bei, za kampuni tatu “zinazoshindana” kuleta glavu. Zote tatu ziliandika “gands” badala ya “gants”. Chini ya fomu iliyoziidhinisha kulikuwa na sahihi tano. Wa tano alitia yake kwa kuiona ya wa nne, wa nne kwa kuiona ya wa tatu. Ya sita ingefanya nini?

Wengine husema chanzo ni mishahara midogo. Hoja hiyo inamfaa karani, haimfai mkurugenzi.

Chanzo kiko kwingine: tazama nani anasifiwa kwenye kikao cha Jumatatu. Mnunuzi aliyekataa bahasha, wenzake wanamwita mjinga na mkubwa wake hamtaji. Aliyeleta mzigo haraka kwa bei mara mbili anaambiwa anajua kazi. Kijana aliyeajiriwa juzi amekaa pale pale, anasikia, na hahitaji semina. Mimi ningeanza na vitu viwili visivyohitaji bunge: bei ibandikwe ukutani wanapopita wafanyakazi, na anayezivaa glavu awe na haki ya kuzirudisha.

Maana zile glavu zilifika. Mtunza ghala alivaa moja, akakunja ngumi, kidole gumba kikatokeza kwenye mshono. Akakitazama, akamtazama bosi aliyesimama mlangoni, kisha akaandika kwenye bon ya kupokelea: zimepokelewa, ziko sawa.