CHAMBO CHA KUWAITA SAMAKI

Wahenga walisema kwamba mtego bila ya chambo haunasi. Lakini avuaye kwa mshipi baharini hutambua upesi kwamba chambo kilichomo katika ndoana hakitoshi peke yake. Bahari ni pana, na kipande kimoja cha ngisi chaweza kulala chini mchana kutwa, wala samaki wasipate habari zake. Ndiyo sababu wavuvi wa nchi nyingi huandaa chambo cha pili, ambacho hakitiwi katika ndoana bali humwagwa majini ili kuwaita samaki.

Hebu fikirini habari ya karani wa bara aliyehamishiwa Mombasa. Jumamosi aenda mwambani na kikapu cha vichwa vya samaki, avikata vipande vikubwa na kuvitupa vyote majini kwa mara moja. Samaki waja, wala, waenda zao. Karibu naye yupo mzee ambaye kapu lake limejaa changu.

"Shikamoo, mzee. Mbona samaki wanakujia wewe tu?"

"Marahaba, mwanangu. Wewe wawalisha, mimi nawaita."

Jibu hilo ndilo siri yenyewe. Samaki hutambua harufu iliyochukuliwa na maji, akaifuata kwa kuupinga mkondo mpaka afike itokako. Basi kitakiwacho ni harufu nyingi na chakula kidogo.

Kutengeneza chambo hiki si kazi ya gharama. Hutwaliwa vichwa, matumbo na damu ya simu, au ya samaki mwingine mwenye mafuta, yaani vitu ambavyo aghalabu hutupwa. Hupondwa katika kinu kikuukuu mpaka viwe kama uji mzito. Katika kila vibaba viwili vya uji huo hutiwa kibaba kimoja cha pumba za mahindi, pamoja na konzi moja ya mchanga ili uzame upesi. Kisha tonge hujaribiwa: likifinywa mkononi yapasa lishikamane, na likifika majini livunjike. Likimomonyoka mkononi, huongezwa maji ya bahari kidogo; likikataa kuvunjika majini, huongezwa pumba.

Matonge ya kiasi cha chungwa yafaa mahali penye maji matulivu, nayo hutupwa moja moja. Penye mkondo wa nguvu hayafai, maana huchukuliwa mbali, na mwenye kuyatupa atakuwa amemwitia samaki mtu mwingine. Hapo mchanganyiko hutiwa katika kifuko cha wavu mkuukuu pamoja na jiwe, kikafungwa kamba, kikashushwa mpaka chini na kutikiswa mara kwa mara. Ndoana nayo iwekwe karibu na kifuko, upande ule yaendako maji.

Huko Looe, katika Cornwall ya Uingereza, ambako chama cha wavuvi wa papa kilianzishwa mwaka 1953, njia hutumiwa iyo hiyo. Samaki wa jamii ya vibua hupondwa, wakachanganywa na pumba za ngano na mafuta ya samaki, kisha kifuko huning'inizwa ubavuni mwa chombo. Habari hiyo ni onyo pia: harufu imwitayo changu humwita na papa. Kwa hiyo haifai kabisa kumwaga chambo hiki mahali ambapo watu huoga au watoto huogelea.

Wako wasiokuwa na subira, ambao hutamani utupa au baruti. Sheria za Kenya zakataza vyote viwili, na kwa haki, maana huua wadogo kwa wakubwa, na baruti huvunja hata matumbawe wanamokaa samaki. Awaitaye samaki kwa harufu hutwaa wa kitoweo chake cha leo, na kesho akirudi mwambani huwakuta wengine.