Viatu vya kazi vinunuliwe wawili wakiwa wamekaa kitako

"Baba watoto, hivi ni viatu vya ngapi tangu mwaka uanze?" mke aliuliza, akishika kiatu kilichoachama mbele kama mdomo wa kambale.

"Vya tatu," mume alijibu kwa sauti ya chini.

"Sh15,000 mara tatu ni Sh45,000. Na mtoto bado anadaiwa sare."

Nyumba nyingi za Omurushaka zinazoishi kwa bodaboda zinaujua mjadala huu. Baba anabeba abiria kwenda Kayanga, Nkwenda, na siku nyingine hadi Murongo mpakani. Kiangazi ni vumbi, mvua zikianza ni matope mekundu. Mguu wa kushoto unabadili gia, wa kulia unakanyaga breki. Pikipiki ikisimama, miguu hiyo hiyo inabeba uzito wa chombo, abiria na mkungu wa ndizi. Kwa kazi hiyo ndala hazifai. Siku moja ya kuungua na bomba la moshi au kuteguka kifundo inaweza kumlaza mtu wiki nzima, na mwenye pikipiki bado anadai hesabu yake.

Mume alishapenda mabuti ya kikauboi aliyoyaona kwenye mitumba: marefu, ya ngozi, yenye kisigino kirefu. Ni viatu vizuri, lakini vilitengenezwa kwa ajili ya farasi. Kisigino kile huzuia mguu usipenye kwenye kikuku cha kupandia, na soli laini huusaidia kuchomoka upesi mpandaji akianguka. Kwenye pikipiki hakuna kikuku, na soli laini ikikanyaga matope inateleza. Anayeyataka kweli ampelekee kwanza fundi viatu ayabandike soli ya mpira yenye meno.

Gambuti nalo ni la shambani kwenye migomba. Barabarani hupikisha mguu, halishiki kifundo, na likigusa bomba la moto linayeyuka.

Buti la bodaboda lifunike kifundo. Kabla ya kutoa fedha, ligeuzwe chini kuona kama soli imeshonwa kwa uzi. Iliyobandikwa kwa gundi peke yake haichelewi kuachia ikilowa kila siku. Likunjwe mbele: ngozi halisi hufanya mikunjo midogo, ngozi bandia iliyochoka hupasuka na kubanduka kama ganda. Nyuma ya kisigino libonyezwe kwa kidole gumba. Likilegea kabisa, halitaushika mguu. Ndani ipapaswe misumari iliyochomoza. Kamba ziwe fupi au zifichwe ndani, zisije zikanasa kwenye breki.

Kipimo kifanywe jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kazi, na soksi zikiwa zimevaliwa. Vidole vipate nafasi ya kucheza, kisigino kisipande na kushuka.

Likishanunuliwa, fundi ashone kipande cha ngozi juu ya kidole cha mguu wa kushoto, pale gia inapokula kila siku. Jioni matope yafutwe kwa kitambaa chenye maji kidogo, magazeti yakunjwe ndani yanyonye unyevu, na buti likae kivulini penye upepo. Kulianika juu ya jiko ni kuliua, maana ngozi hukakamaa ikapasuka. Likikauka, lipakwe dawa ya viatu. Hapa hata watoto wanasaidia, na miguu ya baba inapona fangasi za kushinda kwenye unyevu.

Wale wawili walikubaliana hivi: kila jioni, hesabu ya mwenye pikipiki ikishatengwa, Sh1,000 iingie kwenye kopo. Sare ya mtoto ilinunuliwa kwanza. Kopo lilipojaa tena walikwenda sokoni pamoja, mke ndiye aliyeligeuza buti na kuvuta uzi wa soli kwa kucha.

"Hili limeshonwa," alisema.

Muuzaji alitaja Sh45,000, wakapatana Sh38,000. Zilizobaki hazikurudi kwenye kopo. Zilikwenda moja kwa moja kwa fundi, kwa ajili ya kile kipande cha ngozi cha mguu wa kushoto.