SI UFIZI WA BIBI, NI TREI

1
Wana Mgogoni, wana Pemba kwa jumla, na nyie mlioko Unguja, Dar na Muscat mnaotuma pesa za meno ya wazee. Uzi huu mrefu, chukueni chai.

Nasema hivi: meno ya bandia yanayocheza mdomoni, yanayochoma, yanayotoka mtu akipiga chafya, mara nyingi sana yaliharibika siku ya kipimo. Zile dakika tano ulizokaa mdomo wazi na dongo la baridi kinywani. Yaliharibika kwa sababu ya trei. Lakini mzee akirudi kulalamika anaambiwa nini? "Bibi, ufizi wako umekwisha." Anaona haya, anayafunga kwenye leso, anayatia kabatini. Mtoto kajikaza huko aliko katuma pesa, na bibi anaendelea kula uji.

Hiyo jawabu ya ufizi mie nimeichoka.

2
Trei ni kile kibati au kiplastiki chenye mpini, umbo la kwato, kinachobeba dongo kuingia mdomoni. Watu wanakiona kama kijiko tu. Si kijiko. Trei ndiyo inayoamua dongo lifike wapi na lisifike wapi, na pale lisipofika, fundi hana cha kuona. Fundi hajawahi kukutana na mdomo wako. Anachokijua ni sanamu ya plasta iliyomwagwa kutoka kwenye kipimo kile. Kama kipimo kimeishia katikati ya kaakaa, basi kwa fundi kaakaa yako imeishia pale.

Meno ya juu hayashikwi na gundi. Yanashikwa na mate na ukingo uliokaa sawa pande zote, hewa isiingie. Umeshaona bilauri yenye maji chini yake inavyong'ang'ania meza? Ndivyo. Sasa ukingo ukiwa mfupi nyuma, hewa inaingia, meno yanashuka. Ukingo ukiwa mrefu kupita kiasi, shavu linausukuma kila mtu anaposema, na hapo ndipo vidonda vinapoanza. Vyote viwili vinazaliwa kwenye trei: fupi, au pana iliyosukuma mashavu siku ya kipimo.

3
Haya, fungua sanduku la trei la vituo vyetu vingi uone. Ngapi? Mbili. "Kubwa" na "ndogo". Na zote mbili za watu wenye meno!

Hili wengi hawalijui kwa hiyo nalisema taratibu. Trei ya mtu mwenye meno ni ya kina, chini bapa, kwa sababu inapita juu ya meno. Trei ya mtu asiye na meno hata moja ni fupi kwenda juu na imeviringwa, inafuata tuta la ufizi. Ukimtia bibi kibogoyo trei ya kijana mwenye meno thalathini na mbili, kuta zake zinasukuma mdomo na mashavu pembeni, na dongo linaelea katikati bila kukandamizwa na kitu. Utapata kipimo kizuri cha mashavu ya bibi. Ufizi hapana.

Saizi ya trei nayo inajulikana kwa kujaribu. Trei inaingia mdomoni TUPU, kabla hata unga haujaguswa. Inatakiwa ifunike mpaka nyuma ya jino la mwisho, au kwa asiye na meno, mpaka kile kinundu cha nyuma kabisa cha ufizi. Pembeni ibaki nafasi ya dongo, kiasi cha milimita 3 hadi 5. Ikigusa ufizi, dongo pale linakuwa jembamba kama karatasi, linachanika wakati wa kutoa. Ikiwa fupi nyuma inaongezwa kwa nta. Nta si dhahabu.

Kwa hiyo wewe mgonjwa una kipimo chako na wewe: kama hujawekewa trei tupu mdomoni hata mara moja kabla ya lile dongo, hakuna aliyekuchagulia trei. Umepewa iliyokuwa juu.

4
Najua atatokea mtu kwenye maoni: "Wewe muuguzi tu, waachie madaktari." Sawa. Lakini anayekoroga ule unga nani? Anayemshika bibi bega akianza kutapika nani? Anayeosha trei jioni na kuona zimepinda, nani? Basi tulieni.

Na tukifika kwenye kukoroga. Ule unga unaitwa aljineti, unaganda kwa maji, na maji ya moto yanaugandisha haraka. Pakiti zinataka maji ya kama nyuzi 20 hadi 23. Sisi tunachota kwenye tangi la plastiki lililopigwa jua tangu asubuhi. Dongo linaganda kwenye bakuli, aliye na haraka analisukuma mdomoni hivyo hivyo, kisha anashangaa kipimo kina makunyanzi. Chupa moja ya maji kwenye friji inatosha. (Si friji ya chanjo! Msije mkasema muuguzi wa Mgogoni kasema.)

Kichefuchefu nacho si ukaidi wa mzee. Trei kubwa kupita kiasi, iliyojazwa nyuma, bila shaka itamtapisha. Mkalishe wima, kichwa mbele kidogo, apumue kwa pua, dongo liwe kidogo nyuma, trei ianze kukaa nyuma ndipo mbele, ili ziada itokee mbele badala ya kumshukia kooni. Nimeona wazee wanalazwa chali kama wanaopasuliwa. Yarabi.

5
Sasa la ufizi, kwa sababu sitaki kuambiwa nalikimbia. Kweli ufizi unakwisha. Jino likishang'olewa, mfupa uliokuwa unalishika unapungua mwaka hadi mwaka, na taya la chini hupungua zaidi ya la juu, karibu mara nne. Bibi aliyekaa kibogoyo miaka ishirini, chini amebakiwa na kijituta tu.

Lakini hiyo ni hoja yangu mimi, si yenu! Mdomo kama huo ndio usiofaa kabisa trei ya dukani. Unataka trei yake mwenyewe. Inafanywa hivi: kipimo cha kwanza kwa trei ya kawaida, inamwagwa plasta, juu ya ile sanamu fundi anatengeneza trei ya akriliki ya mdomo ule mmoja tu, ukingo wake ukiishia kama milimita 2 kabla ya pale shavu linapokutana na ufizi. Siku ya pili ukingo unawekewa lile dongo la kijiti linalolainishwa kwa moto, na mgonjwa anaambiwa aseme "uu", aseme "ii", atoe ulimi, avutwe mashavu. Kwa hivyo ukingo unachongwa na misuli yake mwenyewe. Ndipo kipimo cha mwisho kinachukuliwa.

Safari mbili. Najua nauli kutoka Mgogoni mpaka Konde, Konde mpaka Wete, ni pesa. Lakini meno yanayokaa kabatini ni pesa zaidi.

Mwengine msomi atanijibu kwamba Canada walilinganisha njia ndefu na njia fupi ya kipimo kimoja, na wagonjwa wakaridhika sawasawa. Kweli, utafiti wa Montreal wa 2005 ulisema hivyo. Lakini soma na akili: njia fupi inaegemea trei ya kwanza peke yake. Hakuna siku ya pili ya kusahihisha. Kwa hiyo anayetaka njia fupi ndiye anayepaswa kuwa na trei za saizi zote kuliko mtu yeyote. Nyie mmechukua ufupi wa Montreal mkaacha sanduku lao.

6
Hili sasa ndilo linaloniuma khasa.

Kuna pahala, sipataji, nimeona kipimo kibichi cha aljineti kimetiwa mfuko wa plastiki, kikafungwa fundo, kikapelekwa bandarini kwenda kwa fundi Unguja. Kwa boti! Kipimo kile ni maji kwa sehemu kubwa. Ukikiacha wazi kinakauka na kusinyaa. Ukikitumbukiza majini kinavimba. Kinataka kufunikwa kitambaa chenye unyevu na kumwagwa plasta upesi, ndani ya nusu saa hivi. Ziko aina mpya zinazostahimili siku kadhaa zikifungwa vizuri, na pakiti yake itakwambia. Ile niliyoiona haikuwa hiyo. Mpaka boti imefunga gati Malindi, mdomo wa mzee ulishakuwa mdomo wa mtu mwengine.

Tena kama dongo limebanduka kwenye trei hata upande mmoja, kipimo kimekufa. Ndiyo maana trei zina matundu, na ndiyo maana zisizo na matundu zinapakwa gundi yake na kuachwa ikauke kwanza. Trei ya plastiki nyepesi inayopinda ukiibonyeza kwa vidole itapinda na mdomoni, kisha ikitoka inarudi umbo lake, na kipimo kinarudi nayo. Huoni kwa macho. Bibi ataona.

Dawa ya safari ni rahisi mno: suuza mate, nyunyizia dawa ya kuua vijidudu, mwaga plasta HAPA HAPA. Subiri saa moja, toa. Safirisha sanamu. Sanamu ya plasta haisinyai kwenye boti. Mwaka 1756 Pfaff, daktari wa meno wa mfalme wa Prussia, alishaandika namna ya kuchukua kipimo kwa nta na kumwaga plasta. Karne ya kumi na nane! Sie tuna plasta ya kufungia mikono iliyovunjika, tunashindwa kuagiza na ya meno?

(Pembeni kidogo, kwa wakina mama wa mwani wanaonisoma: hiyo aljineti inatokana na mwani. Lakini si wenu. Ni mwani wa kahawia wa bahari za baridi, wenu mwekundu hutoa kitu chengine. Kabla yake madaktari walitumia agari, inayotoka kwenye mwani mwekundu, na nyingi ilitoka Japani. Vita vya pili vilipokata njia ndipo wakageukia aljineti.)

7
Mtu atasema, meno ya bibi ni mapambo. Hebu njoo chuoni usikie. Mwalimu aliyesomesha Qur'ani watoto wa nusu kijiji, meno ya mbele yameondoka. Herufi ya "tha" na "dhal" zinataka ncha ya ulimi iguse meno ya juu. "Fa" inataka meno ya juu yaguse mdomo wa chini. Akivaa meno yanayoshuka kila akifungua mdomo, herufi zinakuwa mbaya kuliko akiwa kibogoyo. Mwalimu kama huyo huacha kusomesha kwa sauti. Kisha husema amechoka, na watu wanaamini.

8
Jawabu ya mwisho ninayoipata kila siku: "Trei ghali." Trei za chuma zinapikwa kwenye mashine ya kuulia vijidudu, nyuzi 134, zinatumika tena miaka. Sizungumzii kifaa cha miujiza. Seti moja ya trei za wenye meno, seti moja ya wasio na meno, saizi tatu au nne kila taya, plasta, nta, na akriliki ya trei maalumu. Andikeni kwenye oda ya robo mwaka, kwa majina, si "vifaa vya meno". Ukiandika "vifaa vya meno" unaletewa glavu.

Nanyi mnaotuma pesa, kabla hujatuma mpigie huyo anayempeleka mzee, muulize mambo matatu: trei imejaribiwa tupu? Kuna kipimo cha pili? Plasta inamwagwa wapi? Akisema "inamwagwa Unguja", zuia pesa kwanza.

Wafanyakazi wenzangu, pigeni picha sanduku la trei la kituo chenu, weka hapa chini, ficha jina la kituo. Tuhesabu ngapi zina trei ya kibogoyo.