Zona ao upele? Maulizo matatu ya kujiuliza mbele ya kupaka pomadi

Juma hili tunajibu ulizo ambalo limerudi mara nyingi mu vikundi vyetu vya likelemba: mutu akitokewa na vipele vinavyomuwasha, tutajua namna gani kama ni zona ao ni kitu kingine? Ni ulizo la maana. Mu kartie yetu ya Naviundu karibu kila kitu kinachowasha kinaitwa upele, na kinapakwa pomadi ileile, ile iliyo karibu. Lakini magonjwa ya ngozi hayafanani. Kuna yale yanayoweza kungoja juma moja, na kuna moja lisilongoja hata siku tatu. Hilo ndilo zona.

Zona inatoka wapi

Neno zona maana yake ni mukaba. Ndugu zetu wa Tanzania wanaiita mkanda wa jeshi. Majina yote mawili yanasema jambo moja: vipele vinajipanga mu mustari, kama mukaba uliofungwa nusu.

Kinacholeta zona ni virusi vilevile vya tetekuwanga, ule ugonjwa wa watoto ambao ku hospitali wanaita varisele. Mutoto anapopona tetekuwanga, virusi havitoki mu mwili. Vinalala karibu na uti wa mugongo, mu mizizi ya mishipa ya fahamu, kwa miaka mingi. Siku nguvu ya mwili inapopungua, kwa sababu ya uzee ao ugonjwa mwingine, vinaamuka na kufuata mushipa mumoja mpaka ku ngozi. Mushipa wa kuume unatumikia upande wa kuume tu. Ndiyo sababu zona inakaa upande mumoja wa mwili.

Maulizo matatu

La kwanza: kilianza na nini? Zona inaanza na maumivu. Siku moja mpaka tano mbele ya kipele chochote kuonekana, ngozi inachoma kama iliyomwagiwa mafuta ya moto, ao inadunga kama sindano. Hata nguo ikigusa, inauma. Wengine wanafikiri ni ubavu, ni moyo, ao ni jino. Kisha, mahali palepale, vinatokea vipele vyenye maji, vimeshikana makundi makundi. Vitabu vinasema ngozi inakuwa nyekundu, lakini ku ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Mara nyingi mahali hapo panakuwa peusi zaidi. Zona inaweza pia kuwasha, na hapo ndipo inadanganya watu. Kwa hiyo usiulize tu "inawasha?" Uliza "iliuma mbele?"

La pili: kiko upande gani? Zona inatoka ku mugongo, inazunguka ubavu mpaka chini ya ziwa ao ku tumbo, na inasimama ku katikati ya mwili. Inaweza pia kufuata mukono, muguu, shingo ao uso, lakini upande mumoja. Vipele vikiwa ku mikono yote miwili, ku viganja vyote, ku matako yote, fikiria kitu kingine.

La tatu: nani mwingine mu nyumba anajikuna? Kama mama, watoto na baba wote wanajikuna, karibu hakika si zona. Zona haitembei kutoka mutu mumoja mpaka mwingine kwa njia hiyo.

Kama si zona, inaweza kuwa nini?

Upele wenyewe, ule ambao ku dispanseri wanaita gale, unaletwa na kadudu kadogo sana kanakochimba njia mu ngozi. Unawasha zaidi usiku, mutu akiwa mu malalo. Angalia katikati ya vidole, ku kifundo cha mukono, ku kiuno, ku matako, kando ya maziwa, na ku sehemu za siri za wanaume. Ku mutoto mudogo angalia pia viganja, nyayo na kichwa. Dawa yake inapakwa na watu wote wa nyumba siku moja, hata wale wasiojikuna bado, kwa sababu kuwasha kunaweza kuchelewa juma ine mpaka sita. Nguo na mashuka vifuliwe na maji ya moto na kuanikwa ku jua siku ileile. Ukimupaka mutoto mumoja tu, upele utarudi.

Ugonjwa wa ngozi wenye umbo la pete, wenye ukingo ulioinuka na katikati iliyo safi kidogo, ni wa kuvu. Unapanuka polepole, hauna vipele vya maji, wala maumivu ya kwanza.

Sabuni mupya, mafuta mupya ao chakula fulani vinaweza kuwasha mwili pande zote mbili, wakati mwingine mu saa chache tu.

Kuna pia kadudu kembamba, kenye rangi nyekundu na nyeusi, kanakokuja ku taa usiku. Ukikaponda ku shingo ao ku uso, maji yake yanachoma ngozi, na kesho unaamuka na mustari wenye vipele vya maji. Mustari huo unafanana na zona, lakini haukutanguliwa na siku za maumivu.

Mwisho, tusisahau mpox. Mutu wa kwanza aliyetambuliwa nayo mu dunia yote alikuwa mutoto muchanga wa inchi yetu, mu jimbo la Équateur, mwaka wa 1970. Tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka wa 2024, Shirika la Afya la Dunia lilitangaza kwamba ni hatari kwa mataifa yote, juu ya namna ilivyokuwa inaenea hapa kwetu na ku majirani. Mpox mara nyingi inakuja na homa na tezi zilizovimba ku shingo, kwapa ao kinena. Vipele vyake vinaweza kutoka ku uso, viganja, nyayo na sehemu za siri, pande zote mbili. Ukiona hivyo, mutenge mugonjwa, usimuguse ngozi kwa ngozi, na mujulishe kituo cha afya haraka.

Kwa nini siku tatu

Dawa ya zona iko. Inaitwa asikloviri, na munganga ndiye anayeiandika. Inatumika vizuri zaidi ikianzishwa mu saa 72 za kwanza kisha vipele kutokea, ni kusema siku tatu. Inafupisha ugonjwa na kupunguza ukali wake. Bila dawa pia vipele vinakauka kwa siku 7 mpaka 10, na ngozi inapona kwa juma mbili mpaka ine. Lakini kuna watu, zaidi wazee, ambao maumivu yanabaki miezi mingi hata kama ngozi imepona.

Kuna zona isiyongoja hata siku moja. Kama vipele viko ku paji la uso, karibu na jicho ao ku ncha ya pua, mutu anaweza kupoteza jicho. Kama viko ku sikio na uso umepinda upande mumoja, ao kama vimetawanyika mwili muzima, ao kama kuna homa kali na kichwa kinachouma sana, ni hospitali siku ileile.

Kinachokula siku tatu

Mara nyingi kinachokula siku hizo si umbali wa kituo cha afya. Ni haya. Mama anaona vipele chini ya ziwa, anavifunika na kitenge. Anajua majirani wakiona watasema "wamemuloga" ao "yule ana Sida". Basi ananunua ku soko pomadi ya kortizoni, wakati mwingine ileile ya kung'arisha ngozi, anajipaka mu chumba. Pomadi hiyo haiponyeshi zona. Inaficha upele na ugonjwa wa kuvu, kisha unarudi kwa nguvu. Wengine wanapaka majivu ao dawa ya meno, na kidonda kinaingia uchafu.

Tuseme wazi jambo hili la Sida. Zona si Sida. Inaweza kumupata mutu yeyote aliyepata tetekuwanga, zaidi kuanzia miaka 50. Lakini ikimupata kijana, ao mama wa miaka 25 ao 30, munganga atamuomba afanye kipimo cha VIH, kwa sababu VIH inapunguza nguvu za mwili na zona inaweza kuwa alama ya kwanza. Kipimo hicho si tusi, na hakimushitaki mutu. Kuna wengi wanaopata zona bila VIH, na wanarudi nyumbani na moyo mutulivu. Na yule anayekutwa na VIH, dawa zake za ARV zinatolewa bure mu inchi yetu. Akizimeza kila siku anaishi, anatumika, na anaweza kuzaa mutoto asiye na virusi. Kilicho kibaya ni kukosa kujua.

Tukumbuke pia: kama mukaba ukikutana pande zote mbili, si kweli kwamba mugonjwa lazima afe. Ni jambo lisilo la kawaida, linaonyesha mwili umechoka sana, na ni sababu ya kukimbia hospitali, si ya kulia kilio.

Mu nyumba ya mugonjwa

Osha mahali pa vipele na maji safi na sabuni, kausha polepole, funika na kitambaa safi. Usipasue vipele. Paracetamol inasaidia maumivu. Mugonjwa anaweza kula chakula chake cha kawaida, na hakuna sababu ya kumutenga na familia. Lakini maji ya vipele yanaweza kumupa tetekuwanga mutu ambaye hajaipata kamwe. Kwa hiyo, mpaka vipele vikauke, asikaribie mutoto muchanga, mama mwenye mimba ambaye hajapata tetekuwanga, ao mutu mwenye mwili zaifu. Taulo yake iwe yake peke yake.

Tunaomba kila kikundi kifanye jambo moja juma hili. Muchague wamama wawili ambao mwenzenu anaweza kuwaonyesha ngozi yake bila haya, wenye kujua yale maulizo matatu, na wenye kufunga kinywa. Kazi yao si kutoa dawa. Kazi yao ni kusema "twende", na kumusindikiza ku kituo cha afya siku hiyohiyo. Mama anayeogopa ulimi wetu atajificha, na zona ya jicho haimungojei.