Acheni Kuitisha Laptopu Majuu

Wasee wa Skuta, tuongee ukweli. Kila mtu ana kaz majuu, na kila Disemba huyo kaz anaitishwa laptopu mpya. Ya nini? Hiyo yako haijazeeka, inavutwa nyuma na diski ya zamani, ile inazunguka. Weka SSD, ongeza RAM ifike GB 8, uone. Yangu ni ya 2014 na bado nahariri video nayo.

"Lakini Windows 10 iliachwa Oktoba 2025!" Sawa, weka Linux. Ni ya bure.

Shida yetu ni intaneti, na hiyo kaz hawezi kubeba kwa begi. Faiba inafuata lami, ikifika kwa mashamba ya kahawa inasahau watu. Na si eti haiwezekani: 2013 hapo Nanyuki, Mawingu walirusha intaneti kwa masafa ya TV yasiyotumika, mitambo ikitumia sola. Starlink nayo ilifika Kenya Julai 2023, lakini ni cucu wa nani ananunua dishi peke yake?

Hiyo pesa ya laptopu, mwambie kaz alipie cucu intaneti. Ama ni picha ya Insta mnataka?