Mama Aliyejinyima Ni Pointi Tatu

Kuna maswali matano ambayo nayajua kwa kichwa kuliko hata namba ya kadi yangu. Ndani ya siku 7 zilizopita, ni siku ngapi nyumba yenu ilikula chakula msichokipenda kwa sababu ni cha bei ya chini? Siku ngapi mliazima chakula au kusaidiwa na ndugu? Siku ngapi mlipunguza kipimo cha kila mtu? Siku ngapi wakubwa walijinyima ili watoto wale? Siku ngapi mlipunguza idadi ya milo? Wenzangu mliowahi kubeba tableti mnalijua hilo dodoso, linatumika nchi nyingi. Kila jibu lina uzito wake: kuazima ni 2, wakubwa kujinyima ni 3, yaliyobaki ni 1 kila moja. Unazidisha kwa siku, unajumlisha. Nyumba yenye hali mbaya kabisa inafika 56.

Duru iliyopita niliingia kwa mama mmoja. Wakubwa kujinyima? Siku zote 7. Nikabonyeza, ikawa 21. Halafu akaniuliza: “Mwanangu, hiyo mashine yako haiulizi kwa nini sina ruhusa ya kutoka kambini kwenda kulima?” Nikamwambia hapana mama, haiulizi. Akasema, “Basi inauliza nini?”

Nilimpelekea msimamizi wangu swali hilo. Siyo mtu mbaya, alinijibu vizuri tu: sayansi haina siasa, sisi tunapima, kuamua ni kazi ya wengine. Jibu hilo ndilo ninalolipinga leo.

Mimi nimeishia sekondari. Haya mengine nimeyasoma kwenye simu, usiku, bando likiruhusu. Mjerumani mmoja, Max Horkheimer, aliandika mwaka 1937 makala kuhusu nadharia ya kimapokeo na nadharia hakiki. Aliiandika akiwa mkimbizi. Taasisi ya Utafiti wa Jamii aliyoiongoza kule Frankfurt ilifungwa na Wanazi mwaka 1933, wakahamia Geneva, halafu New York. Mwenzao Walter Benjamin hakufika: mwaka 1940 alizuiwa kwenye mpaka wa Ufaransa na Hispania kwa ajili ya karatasi, akafia pale Portbou. Nayasema haya mapema kwa sababu kuna jamaa watasema nawaletea falsafa ya wazungu walioshiba.

Hoja yake, kwa maneno yangu, ni hii. Mtafiti wa kawaida anajiona amesimama nje ya jamii, kama mtu anayeangalia samaki kwenye beseni. Anakuta ukweli umelala, anauokota, anaupanga kwenye visanduku. Horkheimer anasema hapana: kile unachokiona kimetengenezwa na historia, na jicho lako pia limetengenezwa na historia. Njaa ya yule mama siyo mvua iliyokosa kunyesha. Kuna sheria ya kutotoka, kuna bajeti iliyokatwa, kuna vita iliyomleta hapa. Dodoso likiuliza tu amepunguza milo mara ngapi, tayari limekubali kwamba hayo mengine hayabadiliki. Na hiyo ni siasa, jamani, hata kama imevaa fulana yenye nembo.

Sibishi na hiyo 3. Kujinyima kwa ajili ya mtoto ni jambo zito kuliko kula usichokipenda, hata bibi yangu angesema hivyo. Ninachobishia ni ile akili inayoishia hapo. Mwaka 1947 Horkheimer alitoa kitabu kizima juu ya akili iliyogeuka chombo tu. Inajua kutafuta njia ya haraka ya kufika mahali, lakini ukiiuliza kama mahali penyewe panafaa, inakwambia hiyo siyo kazi yangu. Msome tena msimamizi wangu hapo juu.

Sasa tuje kwenye ridhaa, maana hapa ndo panauma. Kila nyumba tunaanza kwa kusoma: unaweza kukataa, hutapoteza chochote. Katika nyumba zote nilizoingia, hakuna hata moja iliyokataa. Mnadhani wote wameridhika? Wanaona fulana, wanaona tableti, wanawaza rashoni. Jürgen Habermas, wa kizazi cha pili cha watu hao, katika kazi yake kubwa ya 1981 anasema akili haikai kichwani mwa mtaalamu peke yake. Iko kwenye mazungumzo, pale watu wanapopeana sababu na kila mmoja anaweza kusema hapana bila kuogopa. Tujipime hapo. Mimi mkimbizi, kwa posho ndogo ya kujitolea, namuuliza mkimbizi mwenzangu maswali ambayo hatukuyatunga, na majibu yanaenda mahali ambapo sisi wawili hatufiki. Matokeo hayajawahi kurudi kusomwa kwenye zoni yetu. Hata mara moja.

Lakini na nyinyi vijana wenzangu msishangilie mapema. Kuna wanaosema takwimu zote ni uongo, tukatae kuhesabiwa. Huo ni ujinga, na watakaolala njaa ni watoto. Adorno, rafiki wa Horkheimer, pamoja na wenzake walitumia dodoso lenye alama kule Marekani kutafuta ni watu wa namna gani wanavutwa na udikteta, kitabu kikatoka mwaka 1950. Walihesabu! Na Karl Popper, aliyekutana na Adorno kwenye ubishi wa Tübingen mwaka 1961, ana neno linalonisumbua mpaka leo: dai ambalo hakuna jambo linaloweza kulionyesha kuwa kosa, usiliite sayansi. Mikutano yetu imejaa madai ya hivyo. “Wanatuonea.” “Wanakula hela.” Nani kati yetu amewahi kwenda kupima hata mzani mmoja wa ugawaji?

Kwa hiyo nyinyi wa mashirika mnaosoma hapa, siombi muache kuhesabu. Dodoso la duru inayofuata linaandaliwa sasa hivi. Wekeni akina mama watano wa zoni kwenye meza hiyo kabla halijafungwa, wawe na haki ya kufuta swali na kuongeza swali. Matokeo yasomwe uwanjani kwa Kiswahili na Kirundi kabla ripoti haijaondoka, na kinachopingwa kiandikwe kwamba kimepingwa. Kazi hiyo mimi nitaifanya bila posho. Yule mama ameshasema atakuja, ila anataka kujua kwanza kama jina lake litaandikwa.