Barua Kutoka Kiirua: Mzaha na Heshima

Hapa Kiirua viazi vimekwisha kuchimbwa na watu wamepata nafasi ya kubishana.

Ubishi wa safari hii ulianza siku tulipomuaga mwalimu mmoja mzee, aliyefundisha kwaya kwetu kwa miaka mingi. Wanakwaya wake waliimba wimbo aliowafundisha, lakini waliuongoza kama aongozavyo yeye. Kijana mmoja alikohoa mara tatu kabla ya kutoa sauti ya kwanza, kama ilivyo desturi ya mwalimu. Wa pili aligonga meza hata kijiti kikavunjika. Wa tatu alizunguka akitafuta miwani yake, nayo i juu ya paji la uso. Wengi wetu tulicheka mpaka machozi yakatutoka, ila wazee kadhaa waliondoka kwa hasira. "Mzaha mzaha hutunga usaha," walisema, na sasa wanataka vijana hao watatu watolewe katika kwaya. Kamati itakutana Jumapili, nami ni mmoja wa watakaoamua.

Kabla ya siku hiyo, napenda kuwasimulia habari ya tamasha moja. Tarehe 13 Novemba, 1956, katika jumba la muziki liitwalo Royal Festival Hall mjini London, mchoraji wa vichekesho jina lake Gerard Hoffnung aliandaa usiku wa okestra wa kuchekesha. Mtunzi Malcolm Arnold aliandika muziki ambao ndani yake mlisikika bunduki nne, mashine tatu za kufyonza vumbi na moja ya kung'arisha sakafu. Dennis Brain, aliyekuwa miongoni mwa wapigaji hodari kabisa wa tarumbeta ya kuzunguka duniani, alipuliza muziki wa Leopold Mozart kwa mpira wa kumwagilia maji bustanini. Ndiyo, mpira kama ule tunaomwagilia kabeji!

Katika usiku huo alitaniwa pia Joseph Haydn, mtunzi mkuu wa Austria aliyefariki mwaka 1809. Haydn alikuwa mtoto wa fundi wa magurudumu. Katika simfonia yake moja, iliyosikika London kwa mara ya kwanza mwaka 1792, wimbo huenda polepole na kwa upole, kisha ghafula okestra nzima hupiga mshindo mmoja mkubwa. Basi Donald Swann aliutwaa muziki huo akauongezea mishtuko mingine, mahali ambapo Haydn hakuiweka.

Je, watu hawa walimdharau Haydn? Hata kidogo. Asiyeujua wimbo hawezi kujua mahali pa kuuvuruga. Na mpira wa bustani hautoi wimbo kwa mtu mvivu. Ulitoa kwa Brain kwa sababu alikuwa amejifunza kazi yake barabara.

Tena Haydn mwenyewe alijua kutania. Mwaka 1772 alikuwa mtumishi wa Mtemi Nikolaus Esterházy. Mtemi alikawia mno katika jumba lake la mashambani, na wanamuziki walikuwa wameziacha familia zao mbali. Sisi makarani tuliowahi kungojea likizo twaijua hali hiyo. Haydn hakuandika barua ya malalamiko. Alitunga simfonia ambayo mwishoni mwake kila mpigaji humaliza sehemu yake, huzima mshumaa wake, akaondoka, mpaka zibaki fidla mbili tu. Inasimuliwa kwamba Mtemi alifahamu, na siku ya pili yake safari ya kurudi ikaanza. Mzaha ule ulisema kweli, wala haukumvunjia mtu heshima.

Ndugu zetu wa pwani na wa Tanzania wanayo desturi ya utani. Mtani huruhusiwa kusema hata msibani maneno ambayo mgeni angeyasema angefukuzwa. Ruhusa hiyo hutoka katika udugu. Humtanii usiyemjua.

Hata hivyo, wazee wetu hawakukosea kwa yote. Yule kijana wa pili, pamoja na kugonga meza, alichechemea kwa kuuiga mguu mbovu wa mwalimu. Hilo lilikuwa kosa. Kikohozi, kijiti na miwani ni mazoea ya mtu, na mtu aweza kuyacheka mazoea yake. Mguu ni maumivu yake. Hapo ndipo mpaka ulipo, na kijana huyo yampasa aende nyumbani kwa mwalimu kuomba radhi kabla ya Jumapili.

Lakini kuwatoa katika kwaya sitakubali. Wazee walioondoka mapema hawakuona yaliyofuata. Mwalimu aliinuka polepole, akaokota kipande cha kile kijiti, akasema, "Haya, sasa imbeni kama nilivyowafundisha." Akakohoa mara tatu. Hakuna aliyecheka. Wakauimba wimbo wote kwa sauti nne, wale vijana watatu wakiwa mstari wa mbele, na hakuna aliyepotea hata mahali pamoja. Yule mzee alisikiliza amefumba macho. Nilipomtazama, nilijua kwamba hakuna zawadi nyingine siku ile, hata lile blanketi tulilomchangia, iliyomfurahisha zaidi.

Hayo ndiyo nitakayoyasema Jumapili. Wasomaji wenye neno, na waniletee mapema.